Nywila zikivuja, mtunzaji ndiye wa kuulizwa kwanza

Ndugu Mhariri,

Tovuti kubwa ikidukuliwa na nywila za wateja wake zikavuja, ushauri unaochapishwa kesho yake haubadiliki: badilisha nywila yako, changanya herufi kubwa na ndogo, tarakimu na alama, kisha uibadilishe tena kila baada ya miezi mitatu. Ushauri wote unaelekezwa kwa mtumiaji. Yule aliyekuwa na hifadhidata mkononi, aliyeamua nywila hizo zitunzwe vipi, haulizwi neno. Naomba nafasi katika ukurasa wako nieleze kwa nini sehemu kubwa ya ushauri huo inadhuru, na kwa nini swali lisiloulizwa ndilo lenye uzito.

Agizo la kubadilisha nywila kila mara lilipata nguvu kupitia mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ambao kiambatisho chake kuhusu nywila kiliandikwa na Bill Burr mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mashirika dunia nzima yaliunakili. Mwaka 2017 Burr, akiwa amekwisha kustaafu, aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba anajutia mengi aliyoyaandika. Mwaka huohuo NIST yenyewe iligeuka: toleo jipya la mwongozo lilisema nywila isibadilishwe kwa kufuata kalenda, bali pale tu panapokuwa na dalili kwamba imevuja. Microsoft iliondoa sharti hilo katika mapendekezo yake ya usalama wa Windows mwaka 2019. Katika toleo la NIST la mwaka 2025, lililokuwa pendekezo limekuwa katazo.

Ushahidi ulikuwepo mapema. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, walichapisha uchunguzi wa akaunti zaidi ya 7,700 ambazo wenyewe walilazimishwa kubadilisha nywila kila miezi mitatu. Wakiwa na nywila ya zamani ya mtu, waliipata inayofuata ndani ya sekunde 3 kwa akaunti 41 katika kila 100. Kwa akaunti 17 katika kila 100, majaribio yasiyofika 5 yalitosha, yaani mshambuliaji angeweza kuingia kupitia ukurasa wa kawaida kabla mfumo haujamfungia. Mtu anayelazimishwa kubuni nywila mpya mara nne kwa mwaka habuni. Hugeuza kidogo ile aliyonayo. «Mawingu!1» inakuwa «Mawingu!2», au alama inahama kutoka mwisho kwenda mwanzo. Mwizi aliyeipata nywila ya mwaka jana anaijua na ya mwaka huu.

Zipo hali ambazo kubadilisha ni lazima: tovuti imetangaza uvujaji, kifaa kimeingiliwa na virusi, au mtu aliyekuwa akitumia akaunti ya pamoja ameondoka kazini. Kwa hali ya virusi, badilisha kutoka kwenye kifaa kingine kilicho safi, la sivyo nywila mpya inaibiwa ukiwa bado unaiandika. Nje ya hali hizo, kalenda haina kazi hapa.

Sharti la kuchanganya aina za herufi nalo linaonekana la busara hadi uhesabu. Kibodi ya kawaida ina alama 95 za kuandika. Nywila ya herufi 8 iliyochaguliwa kwa bahati nasibu kabisa ina uwezekano wa aina trilioni 6,634. Lakini binadamu akiambiwa aweke herufi kubwa, tarakimu na alama, wengi huweka herufi kubwa mwanzoni, herufi ndogo tano katikati, tarakimu na alama mwishoni. Mpangilio huo una uwezekano wa bilioni 102 tu, yaani fungu moja katika kila mafungu 65,000 ya ule wa kwanza. Programu za kuvunjia nywila huanza na mipangilio ya namna hiyo. «Password1!» inatimiza masharti yote ya ukurasa wa usajili, na ni miongoni mwa nywila za kwanza kujaribiwa.

Tuje sasa kwa mtunzaji.

Mfumo uliojengwa vizuri hauijui nywila yako. Unapojisajili, seva huipitisha nywila katika kanuni ya kihesabu inayotoa mfuatano wa herufi na tarakimu uitwao hashi, huihifadhi hashi hiyo, na kuitupa nywila yenyewe. Ukirudi, inafanya hesabu ileile na kulinganisha. Kutoka kwenye nywila kwenda kwenye hashi ni rahisi. Kurudi nyuma hakuna njia isipokuwa kubahatisha. Mwizi aliyeiba hifadhidata huchukua neno, hulipigia hashi, hulinganisha, huchukua jingine. Kwa hiyo baada ya wizi, usalama wa mamilioni ya watu unategemea sana jambo moja: mwizi anaweza kubahatisha mara ngapi kwa sekunde. Idadi hiyo haiamuliwi na mteja. Inaamuliwa na mhandisi aliyechagua kanuni.

Tiba yake si mpya. Robert Morris na Ken Thompson wa Bell Labs walieleza mwaka 1979 jinsi mfumo wa Unix ulivyolinda nywila. Walirudia usimbaji mara 25 ili kila bahatisho limgharimu mwizi muda, na wakaongeza biti 12 za nasibu kwa kila nywila, ambazo hadi leo huitwa chumvi. Chumvi huhifadhiwa wazi kando ya hashi, na kazi yake ni kuhakikisha kwamba watu wawili wenye nywila moja wanapata hashi tofauti. Bila chumvi, mwizi hupiga hashi ya «123456» mara moja na kuwapata wote walioitumia, au hutumia majedwali yaliyokwisha kutayarishwa. Kukiwa na chumvi, analazimika kuanza upya kwa kila akaunti. Leo kipimo cha kawaida ni baiti 16 za nasibu kutoka kwenye chanzo cha nasibu cha mfumo wa uendeshaji. Jina la mtumiaji au tarehe ya kujisajili si chumvi, kwa kuwa mshambuliaji anaweza kuzijua kabla ya kuiba chochote.

Tofauti kati ya kanuni ya haraka na ya polepole ni kubwa kiasi kwamba ni vema kuipigia hesabu. Kadi moja ya michoro ya RTX 4090, iliyotoka mwaka 2022, ikiendeshwa na programu ya kuvunjia nywila ya Hashcat, hujaribu hashi za MD5, kanuni ya haraka, karibu bilioni 164 kwa sekunde. Kanuni ya polepole ya bcrypt ikiwekwa kwenye kiwango cha ugumu cha 12, kadi hiyohiyo hupata majaribio yapatayo 1,400 kwa sekunde. Chukua nywila ya herufi ndogo 8 zilizochaguliwa kwa nasibu: uwezekano wake ni bilioni 208.8. Kwa MD5, kadi hiyo humaliza wote kwa sekunde moja na robo hivi. Kwa bcrypt, inahitaji zaidi ya miaka 4 na nusu, na hiyo ni kwa akaunti moja. Nywila ya nasibu ya alama 8 kutoka zile 95 inahimili MD5 kwa saa 11 tu. Kwa bcrypt, zaidi ya miaka 140,000. Mtumiaji ni yuleyule, na nywila yake haikuguswa. Kilichobadilika ni uamuzi mmoja wa mtunzaji.

Hesabu hizo zina upande mwingine, na haki ni kuusema. Mwaka 2009 kampuni ya RockYou ilidukuliwa na nywila zaidi ya milioni 32 zikachukuliwa. Zilikuwa zimehifadhiwa kama zilivyoandikwa, bila hashi yoyote. Orodha iliyotokana nazo, yenye nywila tofauti zipatazo milioni 14.3, ndiyo kamusi ambayo wavunjaji huanza nayo. Hata kwenye bcrypt ya kiwango cha 12, kadi moja huipitia orodha nzima kwa akaunti moja chini ya saa 3. Kanuni ya polepole inamlinda mwenye nywila ya wastani. Aliyechagua «iloveyou» haimwokoi. Hata hivyo, kumzuia mtu asichague nywila iliyomo katika kamusi za wezi nayo ni kazi ya mtunzaji, na nitaifikia.

Matukio yanayojulikana yanaonyesha makosa yaleyale kwa sura tofauti. LinkedIn ilipodukuliwa mwaka 2012, ilikuwa ikitumia SHA-1, kanuni ya haraka, bila chumvi. Mwanzoni zilionekana hashi milioni 6.5, mwaka 2016 ikabainika kuwa akaunti zenye nywila zilizochukuliwa zilikuwa takriban milioni 117. Adobe, mwaka 2013, haikutumia hashi kabisa. Ilizisimba nywila kwa ufunguo mmoja na kwa namna ambayo nywila zinazofanana zilitoa matokeo yanayofanana, na vidokezo ambavyo wateja walijiandikia vilikaa kando bila kusimbwa. Ukikuta mamia ya watu wenye matokeo yaleyale, mmoja kaandika kidokezo «namba moja hadi sita», hapo umewapata wote bila kuujua ufunguo.

Tukio la Ashley Madison, tovuti ya kutafutia wapenzi, la mwaka 2015 lina somo kubwa zaidi kwa wahandisi, kwa kuwa kampuni ilikuwa imefanya jambo sahihi. Nywila zililindwa kwa bcrypt ya kiwango cha 12. Lakini ndani ya hifadhidata hiyohiyo kulikuwa na safu nyingine ya tokeni za kuingia (alama za kumtambulisha mtumiaji kwa mfumo), zilizotengenezwa kwa MD5 kutokana na nywila zikiwa zimegeuzwa kuwa herufi ndogo. Kundi la wavunjaji liitwalo CynoSure Prime liliiacha bcrypt, likaivunja MD5, kisha likabaki kujaribu herufi zipi zilikuwa kubwa. Nywila zaidi ya milioni 11 zilipatikana kwa njia hiyo. Kwa hiyo haitoshi kampuni kusema «tunatumia bcrypt». Swali ni kama kuna mahali pengine popote ambapo kitu kilichotokana na nywila kimehifadhiwa kwa kanuni dhaifu: jedwali la zamani, akiba ya muda, nakala rudufu, mfumo wa majaribio uliojazwa data halisi.

Mahali hapo pengine mara nyingi ni kumbukumbu za mfumo. Twitter ilitangaza mwaka 2018 kwamba hitilafu ilikuwa ikiandika nywila katika kumbukumbu za ndani kabla hazijapigiwa hashi, ikawashauri watumiaji wake wote, zaidi ya milioni 330, wazibadilishe. Mwaka 2019 Facebook ilikiri kuwa nywila za mamia ya mamilioni ya watu zilikuwa zinasomeka ndani ya mifumo yake. Chanzo cha makosa ya namna hii ni kawaida mno: mtengenezaji anawasha uandikaji wa kila ombi linaloingia kwenye seva ili atafute hitilafu, na ombi la kuingia linabeba nywila. Kinga ni kuichuja sehemu ya nywila kabla kumbukumbu haijaandikwa, kisha kuweka jaribio la kudumu: ingia kwa nywila ya pekee iliyotungwa kwa kazi hiyo, halafu uitafute katika kumbukumbu zote, ripoti za hitilafu na huduma za nje za uchambuzi. Ikionekana mahali popote, toleo hilo la programu lisitoke.

Kwa anayejenga mfumo leo, uchaguzi si mgumu. Kanuni ya Argon2 ilishinda shindano la kimataifa la kanuni za nywila mwaka 2015, na maelezo yake rasmi yakatolewa mwaka 2021 katika hati ya kiufundi ya intaneti iitwayo RFC 9106. Aina ya Argon2id ndiyo ya kuanzia. Mapendekezo ya chini ya OWASP, shirika la usalama wa programu, ni kumbukumbu ya kazi ya kompyuta (RAM) ya mebibaiti 19, mizunguko 2 na uzi 1 wa kazi. Kinachoipa nguvu ni kumbukumbu hiyo ya kazi: kadi ya michoro ina maelfu ya vitengo vya kukokotoa, lakini haina nafasi ya kumpa kila kimoja mebibaiti 19 zake na bado ikaenda kwa kasi. Asiye na Argon2id atumie scrypt au bcrypt ya kiwango kisichopungua 10. Anayebanwa na sheria za kutumia kanuni ya PBKDF2 na SHA-256 aweke mizunguko 600,000. Vipimo hivi havifai kunakiliwa tu. Pima kwenye seva yako halisi, uongeze hadi kuingia mara moja kuchukue kati ya robo na nusu sekunde.

Hapa ndipo wengi hukosea wakiwa na nia njema. Watu 200 wakiingia kwa wakati mmoja, kila mmoja na mebibaiti 19, seva inahitaji karibu gibibaiti 4 kwa kazi hiyo pekee. Msimamizi anaona seva inalemewa, anapunguza kipimo, na anasahau kukirudisha. Jibu sahihi ni kupanga foleni ya maombi ya kuingia na kudhibiti idadi ya majaribio kwa kila akaunti na kila anwani, hashi ikiachwa ilivyo. Usifunge akaunti moja kwa moja baada ya makosa matatu, kwa sababu unampa adui njia ya kumfungia nje mtu yeyote anayemtaka. Chelewesha jibu kidogo kidogo kadiri makosa yanavyoongezeka.

Bcrypt ina mtego wake: husoma baiti 72 za mwanzo tu na kupuuza zinazofuata. Kwa nywila ya kawaida hilo halina madhara. Linakuwa hatari pale mhandisi anapounganisha vitu kadhaa kabla ya kupiga hashi. Mwaka 2024 kampuni ya Okta ilitangaza kasoro ya aina hiyo: ufunguo wa akiba yake ya muda ulitengenezwa kwa kuunganisha namba ya mtumiaji, jina lake na nywila, kisha kuupitisha katika bcrypt. Jina la kuingilia likifikia herufi 52, nywila ilisukumwa nje ya baiti 72, na katika mazingira fulani mtu angeweza kuingia bila nywila sahihi. Kampuni ambayo kazi yake yote ni utambulisho ilinaswa. Nywila ipite katika kanuni ikiwa peke yake.

Vipi mfumo wa zamani uliojaa MD5? Wasimamizi wengi husubiri kila mteja aingie ndipo wambadilishie, na matokeo yake ni hashi dhaifu za watu wasioingia kubaki kwa miaka. Njia bora ni kufunika zote usiku mmoja: chukua kila hashi ya MD5 kama ilivyo katika maandishi, itengenezee chumvi, ipitishe katika Argon2id, na uhifadhi matokeo pamoja na alama inayoonyesha kwamba ni ya tabaka mbili. Mteja akiingia, seva inapiga MD5 kwanza, kisha Argon2id, inalinganisha. Ikikubali, inatengeneza hashi mpya ya Argon2id pekee na kuifuta ile ya tabaka mbili. Hatua hii ya mwisho isiachwe. Kama MD5 ileile ya mteja imewahi kuvuja kutoka tovuti nyingine, mwizi anaweza kuijaribu juu ya hashi yako ya tabaka mbili bila hata kuijua nywila, kisha akirudi kuivunja MD5 ana uhakika kwamba anahangaikia akaunti iliyo hai. Baada ya kazi, futa safu ya zamani, na usisahau nakala rudufu, kwa maana wezi wengi huanzia huko.

Nilisema nitafikia kamusi. Tovuti inapaswa kuikataa nywila iliyokwisha kuvuja kwingine, na inaweza kufanya hivyo bila kuifichua. Huduma ya Pwned Passwords ya mtaalamu wa usalama Troy Hunt, ambayo tangu mwaka 2018 inapokea maulizo ya sehemu ya hashi, hufanya hivi: seva yako hupiga hashi ya SHA-1 ya nywila, mfuatano wa herufi na tarakimu 40, na kutuma 5 za mwanzo tu. Kwa neno «password» zinazotumwa ni 5BAA6. Huduma hurudisha miisho yote inayojulikana yenye mwanzo huo, na seva yako inatafuta yenyewe kama wa kwako umo. Huduma haijui ulikuwa unauliza juu ya nywila ipi. Asiyetaka kutegemea huduma ya nje anaweza kupakua orodha nzima na kuitumia ndani. Ukaguzi huu mmoja una thamani kuliko masharti yote ya herufi kubwa na alama, ambayo NIST sasa inayakataza. Badala yake inataka urefu: angalau alama 15 pale ambapo nywila ndiyo kinga pekee, na mfumo ukubali hadi 64 au zaidi. Ukurasa unaozuia kubandika nywila nao urekebishwe, maana unawazuia hasa wale wanaotumia programu za kutunza nywila, ambao ndio wenye nywila imara.

Lipo pingamizi ambalo wahandisi wenzangu hulitoa, nalo lina uzito: hashi bora haisaidii kitu ikiwa mteja ametumia nywila ileile kwenye tovuti nyingine iliyovuja. Ni kweli. Mwaka 2023 washambuliaji waliingia katika akaunti zipatazo 14,000 za kampuni ya vinasaba ya 23andMe kwa kujaribu nywila zilizovuja kwingine, na kwa kuwa akaunti hizo ziliunganishwa na za jamaa zao, taarifa za watu milioni 6.9 zikachukuliwa. Mawakili wa kampuni waliwalaumu wateja kwa kurudia nywila. Lakini fikiria hesabu hiyo. Watu wasiopungua milioni 6.8 hawakuwa na kosa lolote. Nywila zao hazikuguswa. Kampuni ilijua kwamba watu hurudia nywila, kama kila mtu katika fani hii ajuavyo, na bado haikulazimisha hatua ya pili ya uthibitisho kulinda taarifa ambazo haziwezi kubadilishwa maisha yote. Mamlaka ya ulinzi wa taarifa ya Uingereza iliitoza faini ya pauni milioni 2.31 mwezi Juni 2025. Naona uamuzi ule ulielekea mahali pake.

Hatua hiyo ya pili nayo ina madaraja. Namba inayotumwa kwa ujumbe mfupi ni bora kuliko kutokuwa na kitu, lakini mhalifu anaweza kumlaghai mhudumu wa mtandao wa simu akahamishiwa laini yako. Programu inayotoa tarakimu 6 kila sekunde 30, kwa kanuni iliyosanifiwa mwaka 2011, haitegemei laini. Zote mbili zina udhaifu mmoja: ukurasa bandia unaweza kukuomba tarakimu hizo na kuzipeleka kwenye ukurasa halisi kabla muda haujaisha.

Funguo za siri (passkeys), ambazo Apple, Google na Microsoft zilikubaliana kuzisukuma mwaka 2022 juu ya WebAuthn, kiwango cha mwaka 2019 cha kuingia kwenye tovuti kwa funguo, zinafunga mwanya huo. Kifaa chako kinatengeneza jozi ya funguo; ule wa faragha unabaki kwako, na tovuti inapewa ule wa umma tu. Unapoingia, tovuti hutuma mfuatano wa nasibu, kifaa kinausaini, na kivinjari hakikubali kusaini kwa anwani isiyo ile iliyosajiliwa. Ukurasa bandia haupati saini hata kama jicho la mtumiaji limedanganyika. Na hifadhidata ikiibiwa, mwizi anakuta funguo za umma, ambazo hakuna cha kubahatisha ndani yake. Ndiyo maana naziunga mkono: mtunzaji mzembe anabaki na kidogo sana cha kuvujisha.

Kasoro zake zipo katika urejeshaji. Mtu aliyepoteza simu lazima apewe njia ya kurudi, na ikiwa njia hiyo ni nywila ya zamani au ujumbe mfupi, mshambuliaji ataipita hiyohiyo. Sajili angalau vifaa viwili, na hifadhi misimbo ya dharura kwenye karatasi. Maswali ya «jina la shule yako ya msingi» yaachwe kabisa. Barua pepe ya Sarah Palin, mgombea mwenza wa urais wa Marekani, iliingiwa mwaka 2008 kwa kutafuta majibu ya namna hiyo mtandaoni. Kiungo cha kurejesha nywila kiwe na tokeni ya nasibu ya biti 128, kitumike mara moja, kiishe muda wake upesi, na tokeni yenyewe itunzwe kama hashi. Tovuti ikikutumia kwa barua pepe nywila yako ileile uliyoisahau, imekiri kwamba haikuipigia hashi.

Kwa msomaji wa kawaida, yanayomhusu ni machache kuliko anavyoambiwa. Atumie programu ya kutunza nywila ili kila tovuti ipate yake, ndefu, asiyohitaji kuikumbuka. Barua pepe ailinde kuliko akaunti nyingine zote, kwa sababu viungo vya kurejesha nywila huishia huko. Nywila mbili tatu ambazo lazima azikariri, ya programu hiyo na ya kifaa, azitunge kwa dadu: orodha ya maneno 7,776, dadu zikirushwa mara tano kwa kila neno, maneno sita. Hata kama tovuti imetumia MD5, kadi niliyoitaja ingehitaji zaidi ya miaka 42,000 kumaliza uwezekano wote. Maneno hayo yachaguliwe na dadu na si kichwa chake. Methali, aya na mistari ya nyimbo, hata ikiwa mirefu, imo katika maandishi ambayo wavunjaji wameyakusanya kutoka mtandaoni, na Kiswahili hakijasalimika. «Harakaharakahainabaraka» ina herufi 23 na ni nywila mbaya. Kuandika nywila hizo kwenye karatasi iliyofungiwa nyumbani si dhambi. Mdukuzi aliye ng'ambo hafiki kwenye droo.

Ombi langu kwa dawati lako la habari ni kwamba uvujaji ujao utakapotangazwa, kampuni iulizwe kwa majina: nywila zilipigiwa hashi kwa kanuni ipi na kwa kipimo gani? Kila moja ilikuwa na chumvi yake, ya baiti ngapi? Hashi za kanuni ya zamani zilikuwa zimefutwa, pamoja na nakala rudufu? Kumbukumbu za mfumo zimekaguliwa? Wateja waliwekewa hatua ya pili, na ilikuwa ya hiari au ya lazima? Majibu haya hayampi mwizi msaada wowote, kwa kuwa muundo wa hashi aliyokwisha kuiba mara nyingi humwonyesha kanuni na kipimo. Hashi ya bcrypt ya kiwango cha 12 huanza na $2b$12$ kwa maandishi wazi. Kampuni ikijibu kwamba nywila «zilisimbwa kwa viwango vya juu vya sekta» na kuishia hapo, iandikwe kwamba haikujibu.

Wako,
Mhandisi wa usalama wa mifumo ya kompyuta